Dkt. Alick Isaacs, aliyegundua interferoni

Kuna dawa ya saratani ambayo kwa miaka mingi ilipatikana katika damu ya watu waliojitolea tu. Inaitwa interferoni. Aliyeigundua, Dkt. Alick Isaacs, alifariki kabla dunia haijaijua kwa kazi hiyo.

Isaacs alizaliwa Glasgow, Scotland, tarehe 17 Julai 1921, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Lithuania (sisi tulio ughaibuni tunaelewa maana yake). Alisomea udaktari mjini humo humo, akaenda Melbourne, Australia, kuchunguza virusi vya mafua, kisha akafanya kazi katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Mill Hill, London.

Huko ndiko alikoshirikiana na Jean Lindenmann, kijana kutoka Uswisi. Walichukua virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto, wakavitia kwenye vipande vya utando wa yai la kuku. Utando ule ulitoa kitu fulani, na kitu hicho kilipowekwa kwenye utando mwingine, virusi hai vilishindwa kuzaliana. Walitangaza ugunduzi huo mwaka 1957.

Baadhi ya wataalamu waliwakejeli, kwani kitu chenyewe kilikuwa kidogo mno na kukisafisha ilikuwa shida. Isaacs alisumbuliwa pia na sonona, na mwaka 1964 mshipa wa damu ulimpasukia kichwani. Alifariki tarehe 26 Januari 1967 akiwa na miaka 45.

Kazi yake iliokolewa na wengine. Mjini Helsinki, Kari Cantell alikusanya chembechembe nyeupe za damu iliyotolewa kwa Msalaba Mwekundu wa Finland, ambazo vinginevyo zingetupwa, akaziambukiza virusi ili zitoe interferoni. Kwa dawa hiyo, Hans Strander wa Stockholm alianza kutibu saratani ya mifupa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bei yake ilikuwa haishikiki: mwaka 1978 Chama cha Saratani cha Marekani kilitenga dola milioni 2 kuinunua kwa majaribio. Magazeti yakaipamba kama muujiza, na nadhani hapo wagonjwa walidanganywa.

Baada ya bakteria kufanywa waitengeneze mwaka 1980, ilipatikana kwa wingi, na mwaka 1986 Marekani iliidhinisha itumike kwa aina moja adimu ya saratani ya damu. Muujiza haukuwapo, na leo dawa mpya zimeipokonya nafasi kwa wagonjwa wengi. Lakini wapo waliopata nafuu. Lindenmann, aliyeishi hadi mwaka 2015, aliwashuhudia.