Mgr Christophe Munzihirwa, Mchungaji Aliyebaki na Kundi

Mgr Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka wa 1926, upande wa Walungu. Mwaka wa 1958 akawa padri, kisha Mjezuiti. Mwaka wa 1971 serikali ya Mobutu iliwatia wanafunzi wa Lovanium jeshini kwa nguvu. Naye akaomba kuingia pamoja nao.

Akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu, aliwatetea wenyeji na wakimbizi wa Rwanda bila ubaguzi. Tarehe 29 Oktoba 1996 wakubwa wengi walikwisha kukimbia mji. Yeye alibaki, akauawa na askari, msalaba mkononi.

Mwezi uliofuata wakimbizi walipita Masisi na Walikale, wengi wakifa njiani. Hao ndio aliowalilia. Ee Mungu, utujalie viongozi wasiokimbia watu wao.