Maisha ya Frank Hornby, Karani Aliyeunda Malori Madogo

Frank Hornby alizaliwa tarehe 15 Mei, 1863, katika mji wa bandari wa Liverpool, Uingereza. Baba yake, John Hornby, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Frank hakupata elimu kubwa. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akaingia katika biashara ya babaye kuwa mshika fedha. Hakusomea uhandisi. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu jina lake lilikuja kujulikana katika nchi nyingi kwa ajili ya vitu vya chuma, na ni vema msomaji ajue tangu mwanzo kwamba mikono iliyovitengeneza kwanza ilikuwa mikono ya karani.

Mwaka 1887 alimwoa Bibi Clara Godefroy, aliyekuwa mwalimu wa shule. Walijaliwa watoto watatu: wavulana wawili, Roland na Douglas, na binti mmoja, Patricia. Baba yake alipofariki mwaka 1899 biashara ile ilifungwa, na Frank akaajiriwa kuwa karani wa hesabu kwa Bwana David Elliott, aliyekuwa akiagiza nyama kutoka nchi za nje na kuiuza pale Liverpool.

Alipopata nafasi baada ya kazi, Bwana Hornby alikuwa akiwaundia wanawe vitu vya kuchezea nyumbani. Alikata vipande vya bamba kwa mkono, akaunda madaraja, malori na winchi. Lakini palikuwa na taabu moja. Kila kipande kilifaa kazi ile ile kiliyokatiwa, basi. Daraja likiisha kuchezewa, vipande vyake havikuweza kufanywa lori, ikambidi akate vingine upya. Yeyote aliyepata kuunda gari la waya na makopo anaijua taabu hiyo, maana gurudumu la gari moja aghalabu halikubali kuingia katika gari jingine.

Alisimulia baadaye kwamba dawa ya taabu hiyo ilimjia akilini akiwa safarini katika gari la moshi. Aliona kwamba ingefaa vipande vyote vifuate kipimo kimoja. Upana wa kila kipande uwe nusu inchi, na matundu yote yawe sawa kwa ukubwa, na kutoka tundu hadi tundu iwe nusu inchi kamili. Basi ukiweka kipande juu ya kipande, popote upendapo, tundu litakutana na tundu. Unapitisha bolti, unakaza nati, kazi imekwisha. Ukichoka na daraja unalifungua, na kesho vipande vile vile ni lori. Jambo lenyewe ni jepesi kulieleza, lakini lilitaka uangalifu mkubwa katika kulitenda. Tundu likikosewa kwa upana wa unywele tu, kipande hakikutani na mwenzake.

Januari 1901 aliomba serikali hati ya kulinda uvumbuzi wake. Hakuwa na fedha za kutosha, akakopa pauni tano kwa tajiri wake, Bwana Elliott. Bwana Elliott hakumcheka karani wake kwa kushughulika na michezo ya watoto. Alimpa hizo fedha, akampa na nafasi ya kufanyia kazi karibu na ofisi, kisha wakawa washirika. Mwaka 1902 sanduku la kwanza liliuzwa madukani, lenye vipande vya namna 16. Wenye maduka wengi hawakuvutiwa nalo, kwa kuwa halikuwa na sura ya kupendeza. Profesa mmoja wa uhandisi pale Liverpool, jina lake Hele-Shaw, alitambua faida yake na kulisifu kwa maandishi, na sifa hiyo ilisaidia. Hata hivyo faida ya fedha haikuonekana mpaka mwaka 1906. Katika miaka hiyo yote Bwana Hornby aliendelea na kazi yake ya ukarani, kwani nyumba ilitaka kula.

Mwaka 1907 aliacha ukarani. Akavipa vitu vyake jina la Meccano, akaanza kutengeneza vipande mwenyewe badala ya kuwategemea watu wengine. Mwaka uliofuata kampuni iliundwa kwa jina hilo, lakini Bwana Elliott hakujiunga nayo. Mwaka 1914 kampuni ilihamia katika kiwanda kikubwa barabara ya Binns, Liverpool. Mwaka 1916 ilitoa gazeti la wavulana, na mwaka 1920 ikaanza kuuza magari ya moshi madogo yanayokwenda kwa kutiwa ufunguo kama saa. Hayo ndiyo yaliyopewa jina la Hornby mwenyewe.

Ni katika magari ya moshi hayo ndipo malori yalipotokea. Mtoto aliyekuwa na reli na stesheni alitaka pia watu, mizigo na motokaa za kuweka penye stesheni, ili mji wake ukamilike. Kwa hiyo, mwishoni mwa mwaka 1933, kampuni ilitoa vigari sita, na kati yake palikuwa na lori moja, gari moja la kupelekea bidhaa na trekta moja. Mwaka 1934 vilipewa jina la Dinky Toys, na mwaka huo huo yakaja malori zaidi: la wazi, la turubai, la bapa, la kubebea petroli na la kumwagia kifusi. Kila moja lilikuwa na urefu wa inchi nne hivi. Watoto waliyapenda hata wale wasiokuwa na reli, na punde vigari vikawa biashara inayojitegemea.

Vigari vya kwanza vilitengenezwa kwa risasi, madini mazito na laini. Baadaye kiwanda kilitumia mchanganyiko wa zinki pamoja na alumini, shaba na magnesi. Madini hayo huyeyushwa, yakasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, na gari hutoka na milango, taa na mistari yake yote. Lakini mchanganyiko huo hautaki uchafu. Risasi kidogo tu ikiingia ndani yake, madini huanza kuharibika polepole kutoka ndani. Mtoto aliyenunua lori hilo hakuona kasoro yoyote. Baada ya miaka, lori huvimba, hupata nyufa, na mwisho humomonyoka kama biskuti. Malori mengi ya miaka ya 1930 yamepotea kwa njia hiyo, yakiwa ndani ya masanduku yao, bila kuguswa na mtu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila ufa huu ulianzia kiwandani, mahali ambapo mwenye lori hakuweza kuuona wala kuuziba.

Bwana Hornby mwenyewe hakuishi kuyaona hayo. Mwaka 1931 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Everton, sehemu ya mji wa Liverpool, akatumika mpaka mwaka 1935. Alifariki tarehe 21 Septemba, 1936, akiwa na umri wa miaka 73, na uongozi wa kampuni ukashikwa na mwanawe Roland, yule aliyeundiwa madaraja na malori ya bamba alipokuwa mtoto. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda kiliwekwa katika kazi za vita, na baada ya vita kikarudia malori yake. Lakini mashindano ya biashara yalikuwa makali. Mwaka 1964 kampuni ilinunuliwa na wengine, na mwaka 1979 milango ya kiwanda cha barabara ya Binns ikafungwa.

Ingawa kiwanda kimekufa, vitu vyake havijafa vyote. Wako watu wazima katika nchi nyingi wanaokusanya malori hayo na kuyatengeneza. Kazi yao si ya haraka. Kwanza hutazama kama madini ni mazima, kwa sababu lori lenye nyufa za ndani halina tiba. Kisha hukata ribiti za chini kwa keekee au tupa, huondoa rangi iliyobanduka, hunyoosha ekseli zilizopinda, hubadilisha mipira ya magurudumu iliyokauka, na hupaka rangi mpya nyembamba, mara baada ya mara, wakingoja kila mara ikauke. Wengine hukataa kabisa kupaka rangi. Husema kwamba rangi ya kwanza, hata ikiwa imechubuka, ndiyo ushahidi wa kweli wa lori lenyewe. Lakini wote hukubaliana juu ya jambo moja: anayeuza lori lililotengenezwa upya hana budi kumwambia mnunuzi, kwani kulificha hilo ni wizi.

Wanaokusanya vile vipande vya matundu hawana shida kubwa namna hiyo. Kipande cha miaka ya 1920 hufungwa pamoja na kipande cha miaka ya 1960, nayo matundu hukutana, kwa kuwa nusu inchi ya Bwana Hornby haikubadilishwa.

Wanafunzi wenzangu, katika habari hii nimeona vitu viwili vilivyotoka katika kiwanda kimoja. Kimoja kimedumu kwa sababu mtu mmoja alikataa kuachia hata upana wa unywele. Kingine kimeoza kwa sababu risasi kidogo iliachwa ipite. Sisi tunaokaribia mtihani, ambao kesho tutakuwa makarani, mafundi na walimu, hatujui ni kazi gani ya mikono yetu itakayofunguliwa na kukaguliwa miaka 80 baadaye. Frank Hornby naye hakujua. Alipima tu kila tundu kama kwamba litakaguliwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne