Henry Dakin, mzee wa jiki aliyeniokolea gego

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Nimetoka kwa daktari wa meno asubuhi hii, shavu bado lina ganzi, nachapa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika taya. Kilichonifanya niandike ni harufu. Daktari alipoanza kuniosha ndani ya gego nikasikia jiki. Yaani jiki kabisa, ile ya kufulia mashuka meupe. Nikainua mkono kumsimamisha. Akacheka, akanieleza kwamba kwa asili ni kitu kilekile, sodiamu haipokloraiti, ila hii imepimwa kwa kazi ya meno, na kwamba aliyefanya watu waiamini kwenye nyama ya binadamu ni Mwingereza mmoja anaitwa Dakin. Basi nikatoka pale moja kwa moja kumtafuta jamaa.

Henry Drysdale Dakin alizaliwa London tarehe 12 Machi 1880, familia ya wafanyabiashara wa chuma, yeye kitinda mimba. Alikulia Leeds, na akiwa bado mwanafunzi alikuwa akienda kufanya kazi ya kupima maji kwa mkemia wa jiji. Akasoma kemia hapohapo Leeds, kisha akaenda Ujerumani, Heidelberg, kwa profesa Albrecht Kossel. Mwaka 1905 akahamia New York kwa daktari mmoja mwenye pesa zake, Christian Herter, ambaye alikuwa na maabara ndani ya nyumba yake mwenyewe. Herter alifariki mwaka 1910, Dakin akabaki na maabara, na mwaka 1916 akamuoa mjane wa Herter. (Najua wengine mtaanzia hapo kwenye maoni. Haya, endeleeni.)

Sasa tuje kwenye vita ya kwanza ya dunia, maana bila vita huyu bwana angebaki kuwa mkemia wa ndani tu. Mwaka 1915 alikuwa Ufaransa, mji wa Compiègne, kwenye hospitali ya daktari mpasuaji Alexis Carrel. Askari walikuwa wanaletwa na vidonda vilivyojaa udongo wa mashambani na samadi, vipande vya chuma na vitambaa vimezama humo humo. Penisilini ilikuwa haijagunduliwa, hiyo ni habari ya mwaka 1928. Kidonda kikioza, mguu unakatwa. Kikizidi, mtu anakufa.

Dakin akapima dawa zaidi ya 200. Shida aliyoiona ni kwamba dawa kali zinaua vijidudu kweli, lakini zinaua na nyama. Na nyama iliyokufa ndiyo chakula cha vijidudu, kwa hiyo umewaandalia karamu. Mwisho akarudi kwenye kitu cha zamani kabisa, maji ya kung'arishia nguo ambayo Wafaransa walikuwa nayo tangu miaka ya 1780. Hakuyavumbua yeye, na hili watu wengi wanalikosea. Alichofanya ni kuyapunguza makali hadi karibu asilimia 0.5 na kuondoa ule ukali wa magadi kwa asidi ya boriki.

Halafu akagundua jambo jingine, na hapa ndipo penye utamu. Dawa ile ikigusa uchafu, inatumika na kuisha nguvu haraka. Ukimwaga mara moja ukafunga bandeji, umefanya kazi bure. Carrel akatengeneza mpango wa mirija midogo ya mpira inayoingia mpaka ndani ya kidonda, na dawa mpya inapitishwa kila saa mbili, usiku na mchana. Inayeyusha nyama iliyokufa, inaua vijidudu, inatoka, inakuja nyingine. Na kwenye meli ya hospitali Aquitania, Dakin alifunga mtambo wa kupitisha umeme kwenye maji ya bahari ili dawa itengenezwe humohumo melini. Akili hiyo!

Nikiwa nasoma haya nilikumbuka kwamba Aprili 1916, wakati mirija ile inafanya kazi Ufaransa, vita hiyohiyo ilipita huku kwetu. Kikosi cha jenerali Van Deventer kilipita Ufiome kwenda Kondoa Irangi kupigana na Wajerumani. Wapagazi wetu waliobeba mizigo walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa, na sidhani kama kuna aliyewaletea mirija.

Sasa meno yanaingiaje? Mzizi wa jino una mfereji mwembamba, ndani yake kuna mishipa ya damu na neva. Jino likioza mpaka ndani, kile kiini kinakufa na kugeuka uchafu, ni kidonda cha Compiègne kilichofungiwa ndani ya mfupa. Kuanzia miaka ya 1920 madaktari wa meno walianza kuingiza dawa ya Dakin mle, na mpaka leo ndiyo dawa kuu ya kuoshea mizizi, kwa nguvu ya kati ya asilimia 0.5 na karibu 5. Daktari anakwangua kwa visindano vyenye meno kama tupa, lakini mfereji una kona na vichochoro. Vipimo vya picha za kompyuta vimeonyesha kwamba theluthi ya kuta au zaidi haiguswi kabisa na chuma. Kule inafika dawa tu. Na inafika ikiwa mpya, inabadilishwa mara kwa mara, kama kwenye mirija ile.

Hapo ndipo nikaelewa yaliyonikuta. Gego hili hili lilishawahi kutibiwa, sehemu sitaitaja. Dakika chache tu, likakwanguliwa, likazibwa, nikalipa nikaondoka nimefurahi. Miezi saba baadaye nikaamka shavu kama andazi, usaha. Safari hii nimelala kwenye kiti karibu saa nzima, jino limezungushiwa kipande cha mpira chembamba ili dawa isimwagike mdomoni, mzizi umepimwa urefu kwa eksirei kwanza, na kuosha kumerudiwa mpaka nikachoka kuhesabu.

Na tafadhali sana, kuna jamaa wa pale stendi akisoma hii atakimbilia chupa ya jiki nyumbani. Usithubutu! Hata mikononi mwa daktari, dawa ikisukumwa kwa nguvu ikapita ncha ya mzizi, uso unavimba na maumivu yake ni ya ajabu. Ndiyo maana sindano haikazwi ndani ya mfereji, inaachiwa nafasi maji yarudi juu.

Mzee mwenyewe hakupenda makuu. Mwaka 1917 aliingizwa kwenye Royal Society ya Uingereza, na mwaka huohuo yeye na mwenzake Dunham wakatoa halazoni, vidonge vya kusafishia maji ya kunywa ya askari. Mwaka 1941 akapewa nishani ya Davy. Sehemu kubwa ya maisha aliendelea na maabara yake ya nyumbani, Scarborough, kando ya mto Hudson, na ndiko alikofariki tarehe 10 Februari 1952.

Mimi narudi wiki ijayo kuzibwa moja kwa moja. Nataka kujua, mdau uliyetibiwa mzizi wa jino hapa Babati, Arusha au Singida, ulioshwa kwa muda gani na ulienda safari ngapi? Andika hapo chini. Na kama uliamua kung'oa kwa sababu ya bei, sema pia, hatukucheki.