SITI BINTI SAAD: MUUZA VYUNGU ALIYEKUWA MALKIA WA TAARABU

Ukisikia taarabu redioni hapa Kibera au kule Kawangware, mkumbuke Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka wa 1880, akaitwa Mtumwa. Kwao kulikuwa na umaskini, na shule hakuiona hata mlango. Mamake alifinyanga vyungu, naye akavitembeza akivinadi kwa sauti tamu.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin akamfunza kuimba. Siku hizo taarabu ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, hata mchukuzi akaielewa. Mwaka wa 1928 alivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi santuri.

Basi wivu ukaingia! Wapinzani wakamtungia wimbo wa kumcheka, ati ametoka shamba na hana kitu ila sauti. Siti hakutukana. Alijibu kwa wimbo kuwa aibu ni kupungukiwa na akili, sio sura wala ukoo. Katika wimbo wa "Kijiti" alisimulia mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na mashahidi ndio wakaadhibiwa.

Alifariki mwaka wa 1950. Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wake.

Wenzangu, kuna wanaochekwa darasani kwa sababu jioni wanauza sukuma wiki na makaa pamoja na mama zao. Tuwache kuwacheka. Nanyi mnaouza, msione haya. Mchumia juani hulia kivulini.