Bartlett na hadithi iliyobadilika vichwani mwa watu

Frederic Charles Bartlett alizaliwa mwaka 1886 katika mji mdogo wa Stow-on-the-Wold, Uingereza, mtoto wa fundi viatu. Ujanani aliugua mapafu, akasomea nyumbani, na shahada yake ya kwanza aliipata kwa masomo ya barua. Alipofika Cambridge alitamani anthropolojia. Vita ya 1914 ikaamua vingine: Charles Myers, mkuu wa maabara ya saikolojia, alikwenda Ufaransa, naye Bartlett, ambaye afya yake haikumruhusu kupigana, akaachiwa maabara.

Wakati huo kumbukumbu ilipimwa kwa njia ya Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejikaririsha silabi zisizo na maana. Bartlett hakuridhika. Nani hukumbuka silabi tupu? Watu hukumbuka habari. Basi akachukua hadithi ya Wakathlamet wa magharibi ya Marekani, iliyoandikwa na Franz Boas, yule yule tunayekutana naye katika historia ya isimu. Vijana wawili wanakwenda mtoni kuwinda sili. Wanakutana na mtumbwi wa wapiganaji, na mmoja anafuatana nao vitani. Anapigwa mshale, hasikii maumivu, anatambua kwamba wenzake ni mizimu. Anarudi nyumbani na kusimulia yote. Jua linapochomoza, kitu cheusi kinamtoka kinywani, anakufa.

Waingereza waliisoma mara mbili, wakaiandika baada ya robo saa, kisha tena baada ya siku, miezi, hata miaka. Mtumbwi ukawa mashua. Kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Mizimu ilitoweka, au ikageuka jina la ukoo fulani. Kile kitu cheusi kikawa povu, au roho inayomtoka mtu. Hakuna aliyekusudia kudanganya, na hapo ndipo penye uzito: mara nyingi msimuliaji alijiamini zaidi pale pale alipokuwa ameongeza la kwake. Bartlett alieleza kwamba hatutoi kumbukumbu kama mtu atoavyo kitabu kabatini. Tunaijenga upya kwa kufuata mpangilio wa mambo tuliyoyazoea. Mpangilio huo aliuita skima, neno alilolipata kwa daktari Henry Head, ingawa mwenyewe hakulipenda sana.

Kwa maoni yangu, sisi tunaokusanya hadithi vijijini tunapaswa kumsoma kwa makini kuliko wanasaikolojia. Hadithi ile haikuwa na kasoro. Kwa wenyewe, mizimu na kitu cheusi vilikuwa mahali pake. Kilichoiharibu ni vichwa vya Cambridge. Je, ngano ya Kishi au ya Kiluba inayosimuliwa upya na kijana wa mjini, kwa Kiswahili, inapoteza mifupa ipi? Naye ataapa kwamba hivyo ndivyo bibi yake alivyosema.

Mwaka 1929 alifika Uswazi, ambayo leo ni Eswatini. Wazungu wa huko walisifu kumbukumbu ya Waafrika kama maajabu. Bartlett alimpa mvulana ujumbe mfupi aupeleke, akaona hakushinda mtoto wa Kiingereza. Lakini mchungaji mmoja alimtajia ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, bei zao na rangi zao, akakosea mambo madogo mawili tu. Hayakuwa maajabu: Mswazi anaishi na ng'ombe, kwa hiyo ana pa kuwaweka.

Kitabu chake Remembering kilitoka mwaka 1932, mwaka mmoja baada ya kufanywa profesa. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1948, akafa mwaka 1969. Hakuachiwa bila kupingwa. Mwaka 1967 Gauld na Stephenson walionyesha kwamba watu wakisisitizwa wasibuni lolote, makosa hupungua sana. Na kweli Bartlett hakuwa mtu wa kuhesabu makosa. Hata hivyo, mwaka 1999 Bergman na Roediger waliwapa wanafunzi wa Marekani hadithi ile ile, wakawauliza tena baada ya miezi 6. Ilibadilika.