Hans Selye, daktari aliyeonyesha namna ini linavyoamshwa

Mama anayeanza dawa za kifua kikuu hapa Bukavu anapashwa kumwambia muuguzi dawa zingine zote anazomeza. Sababu yake inaanzia kwa daktari mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 40 iliyopita, Hans Selye.

Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka wa 1907. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji wa jeshi. Selye alisomea udaktari Prague, akapita Marekani, akafika Kanada. Toka 1945 alifundisha Chuo Kikuu cha Montréal, kinachosomesha kwa Kifaransa. Wengi wanamjua juu ya neno stresi: mwaka wa 1936 aliandika kwamba mwili unajibu mateso ya namna nyingi kwa njia moja.

Uzeeni alifuata jambo lingine. Aliwapa panya vitu vya jamii ya homoni, yaani steroidi, halafu akawapa sumu. Waliotangulia kupewa steroidi walipona, wenzao wakafa. Steroidi hizo ziliamsha ini, nalo likaongeza vimeng'enya vya kuvunja sumu.

Selye alikufa Montréal mwaka wa 1982, kabla kinachoamsha ini hakijajulikana. Mwaka wa 1998 watafiti walikitambua: kipokezi PXR, kinachokaa ndani ya chembe za ini kama mlinzi wa lango. Dawa ikikigusa, kinaamuru jeni zitengeneze vimeng'enya. Steroidi kali ya Selye inaamsha sana kile cha panya, lakini si cha binadamu. Kwetu sisi, rifampisini, dawa ya kifua kikuu, njo inakiamsha sana.

Shida ni kwamba vimeng'enya hivyo havichagui. Vinavunja pia homoni za vidonge na vijiti vya kupanga uzazi, juu nazo ni steroidi. Mama anaweza kumeza kidonge kila siku na bado akapata mimba. Dawa zingine za UKIMWI nazo zinapungua mwilini. Ndiyo maana dolutegravir inatolewa mara mbili kwa siku pamoja na rifampisini.

Hiyo si sababu ya kuacha dawa za kifua kikuu, zinapashwa kumalizwa. Kondomu au kitanzi cha shaba havitumii homoni, kwa hiyo ini haliviharibu. Na dawa zikiisha, ini linabaki macho kwa wiki chache, mama aendelee kujikinga.