Mboya na Ngala katika Serikali Moja

Marehemu Tom Mboya, aliyezikwa kisiwani Rusinga, Homa Bay, si mgeni kwetu Waswahili wa Mombasa. Machi 1955 makuli wa bandarini walipogoma, ndiye aliyekuja kuwasemea, hata wakaongezewa ujira.

Lakini lililo kubwa zaidi kwangu ni la Aprili 1962. Baada ya mkutano wa Lancaster House, London, KANU na KADU ziliunda serikali ya mseto. Mboya wa KANU akawa Waziri wa Kazi, na Ronald Ngala wetu, kiongozi wa KADU, akaketi meza moja na Mzee Kenyatta. Ugomvi wa majimbo haukwisha, la hasha! Hata hivyo kazi ilikwenda. Oktoba mwaka ule ule Mboya aliwakutanisha matajiri na vyama vya wafanyakazi, wakatia saini mapatano ya kazi. Waliosoma chuoni watalikumbuka neno shura.

Mseto ule ulikoma kwa uchaguzi wa Mei 1963. Novemba 1964 KADU ikajivunja, Ngala akaingia KANU. Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi, tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38.